Matangazo ya Saa Saba Mchana

Nilianza chuo nikiwa na miaka arobaini na saba, na sikuanza kwa kupenda. Wenye redio wapya walituletea meneja, kijana mwenye viatu vya kuchongoka, na wiki ya kwanza tu akaniita ofisini. Akasema kuanzia mwaka ujao hakuna mtu atakayekaa mbele ya kipaza sauti bila cheti cha habari na mawasiliano. Nikamwambia nimekaa hapo miaka kumi na tisa. Akasema, "Hongera sana, mama, lakini cheti." Akufukuzaye hakwambii toka, nikasema moyoni. Lakini siku hiyo hiyo nikaenda kuchukua fomu, maana sina kazi nyingine ninayoijua, na pale nyumbani hakuna mwingine anayeleta mkate ila mimi.

Kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo ya vifo. Kila siku saa saba mchana, robo saa. Redio yenyewe ni vyumba vitatu juu ya duka la rangi na misumari, lakini mnara wake unafika mpaka huko ambako simu hazishiki, na huko ndiko watu wanakotusikiliza kweli. Wafiwa wanaleta karatasi mapokezi, nami nasoma nani kafa, atazikwa wapi, lini. Watoto wa mtaani waliniita Mama Habari Ziwafikie, kwa sababu ndivyo nilivyoanza kila tangazo.

Nilifundishwa hivyo na mtangazaji aliyenitangulia, mlevi mmoja mwenye sauti nzuri ambaye hakuwahi kuchelewa kipindi hata siku moja, alewe asilewe. Wakati huo alikuwa amestaafu, anaishi kwa binti yake kule mabondeni, mtandao hakuna. Yeye alianza na wanaotafutwa: habari ziwafikie fulani wa mahali fulani, na fulani, na fulani. Halafu anavuta pumzi. Ndipo anataja aliyekufa. Nilipomwuliza sababu aliniambia, "Wewe ukitaka kumtwika mtu mzigo unamrushia mgongoni? Mwite kwanza, ageuke." Akanikataza pia kusoma karatasi kabla ya kuingia hewani. Ukiisoma kabla utaizoea, alisema, na msiba wa watu haufai kusomwa na mtu aliyekwisha kuuzoea. Nikafuata yote mawili, isipokuwa ulevi.

Sasa sikia mkosi wenyewe, au bahati, mpaka leo sijaamua. Binti yangu naye alikuwa anaanza chuo mwaka huo huo, kozi hiyo hiyo, darasa hilo hilo. Siku moja kabla ya kufungua akanikalisha kitako kama mimi ndiye mtoto.

"Mama, naomba kitu kimoja. Darasani usiniite mwanangu."

"Nikuite nani?"

"Usiniite."

Haya. Nikaingia darasani, vijana sitini na mimi, nikakaa mbele kwa sababu ya macho. Mwalimu wa nadharia akachora visanduku vitatu na mishale. Mtuma ujumbe, ujumbe, mpokeaji. Katikati akachora kitu kama nywele ambazo hazijachanwa, akasema hiyo ni kelele, ndiyo inayoharibu mawasiliano. Nikaandika: kelele. Nikasubiri aendelee. Aliendelea kwa wiki sita, na mimi nikatoka pale sijui kama nimefundishwa jambo nisilolijua, au nimefundishwa ninalolijua kwa maneno nisiyoyajua.

Walimu wenyewe hawakuniachia nafasi ya kupumua. Mwalimu wa uhusiano kwa umma, mama mmoja wa makamo, alituambia: mfikirie msikilizaji kwanza. Akatoka. Akaingia mwalimu wa uandishi wa habari, hata ubao haujafutwa, akatuambia: la muhimu kwanza. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa la kwanza ni lipi? Msikilizaji au la muhimu?"

Darasa likacheka. Binti yangu akaangalia dirishani kana kwamba kuna moto nje.

Huyo mwalimu wa uandishi vijana walimbandika jina la Piramidi, kwa sababu kila somo alianza kwa kuchora pembetatu iliyosimama kwa kichwa chake. Juu, kwenye upana, unaweka kilichotokea. Chini, kwenye ncha, unaweka vidogovidogo. Msomaji ana haraka, alisema, anaweza kukuacha baada ya sentensi moja, basi hiyo moja iwe na kila kitu. Na mhariri akikosa nafasi anakata kutoka chini. Nilielewa kila neno. Nilichoshindwa kuelewa ni huyo msomaji anakimbilia wapi.

Jaribio la kwanza alitupa tangazo la kifo tuliandike upya. Nikafurahi, nikasema leo watanitambua. Niliandika kama nilivyosoma miaka yote, nikakabidhi wa kwanza. Karatasi ikarudi na wino mwekundu: "Nimesoma mistari minne na bado sijui nani amekufa." Tatu kwa ishirini. Binti yangu alipata kumi na tisa.

Nilimfuata ofisini nimefura. Akanipa kiti, akaniita mama, hakunidharau, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana ukigombana na mtu mwenye adabu unajiona mjinga. Akanieleza kwamba nusu ya alama za cheti ni mtihani wa vitendo. Nisipobadilika, sipati. "Unayo sauti, mama," alisema. "Tatizo ni mpangilio."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikamwomba binti yangu anifundishe. Alichukua karatasi zangu za zamani, akazikata kwa mkasi sentensi moja moja, akavitandaza vipande mezani, akaniambia nivipange. Nilivipanga. Akavipanga upya. Nikajaribu tena, na kila mara kile kipande cha "amefariki dunia" mkono wangu ulikisukuma chini wenyewe, hata nikiutazama.

"Tatizo ni mkono, si kichwa," alisema. "Mama, soma hivi hata kazini. Wiki mbili tu. Utazoea."

Wakati huo muhula wa mafunzo kwa vitendo ulikuwa umeanza, na yeye alipangiwa pale pale kwetu, mapokezi. Tukakubaliana. Karatasi za wafiwa zikija, yeye anaziandika upya kipiramidi, ananiletea studio, mimi nasoma. Jumatatu ikapita salama. Jumanne nikamaliza kwa dakika tisa badala ya kumi na tano, meneja akaweka tangazo la rangi za ukuta kwenye nafasi iliyobaki, akaja mlangoni anachekelea. "Sasa unakwenda na wakati, mama." Sitadanganya, nilijisikia vizuri.

Jumatano karatasi zilikuwa nne. Ya tatu ilikuwa ya dereva wa lori. Nikasoma: amefariki dunia leo alfajiri, jina lake hili, umri wake huu, lori lilipinduka mteremkoni, atazikwa kesho saa nne. Nasoma vizuri, sauti imetulia, nateremka na karatasi mpaka kwenye ile ncha. Na kwenye ncha, mstari wa mwisho kabisa, pameandikwa habari zimfikie dada yake, fundi cherehani wa nyuma ya soko la zamani.

Blauzi niliyovaa alinishonea yeye. Nguo zangu zote ananishonea yeye, na juu ya rafu yake, pembeni ya mabunda ya nyuzi, kuna redio ambayo haizimwi. Jina la kaka yake sikuwahi kulijua. Nilikuwa nimekwisha kumwambia kila kitu kabla hata sijajua kwamba nazungumza naye. Nikasoma karatasi ya nne, sikumbuki ilikuwa ya nani.

Nilipotoka tu nikaenda. Nilikuta wanawake wawili wamekaa naye, mlango umefungwa nusu. Kwenye cherehani kulikuwa na shati la shule, kola imeshonwa hadi katikati, na damu juu yake. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimezungushiwa kitambaa cheupe. Simu yake ilikuwa kwa fundi simu tangu juzi, kioo kimepasuka, kwa hiyo aliyempa habari ni mimi, hakuna mwingine.

Nikampa pole. Akaitikia. Tukakaa. Baada ya muda akasema, bila ukali wowote, "Wewe ukianza, mimi huwa natoa mguu kwenye pedeli. Nasikiliza majina. Yakiwa si ya kwangu, narudisha mguu naendelea. Miaka yote ndivyo ninavyofanya." Akakiangalia kile kidole. "Leo hukuniita. Ulikuwa na haraka ya nini?"

Nilikuwa na piramidi, lakini huwezi kukaa mbele ya mtu aliyefiwa ukaanza kumweleza piramidi.

Hasira zote nilizipeleka nyumbani. Nilimwambia binti yangu kwamba kalamu yake imemtoboa mtu kidole. Akasema, "Mama, nimeandika sahihi. Kila kitabu kinasema hivyo." Nikamwambia kitabu chake hakina kaka. Akalia, akaingia chumbani, tukanuniana siku tatu, watu wawili wanaopanda ngazi moja asubuhi kwenda kazi moja. Nilimwonea, najua. Yeye aliandika alivyofundishwa, na mimi nilisoma kwa sababu nataka kazi yangu. Ukitafuta mkosaji hapo humpati, na mimi nilimtaka sana mkosaji.

Nikarudi kwa Piramidi. Safari hii sikwenda kugomba, nilikwenda kuuliza, maana nilikuwa nimechanganyikiwa kweli kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Pole sana, mama. Lakini kanuni ni ya watu wote, na huyo ni mtu mmoja."

"Tangazo la kifo ni la watu wangapi, mwalimu?"

"Nikushauri kama mdogo wako," akasema. "Kwenye mtihani fanya ninavyofundisha. Cheti ukishakipata, huko kwako soma utakavyo. Nani atakukataza?"

Ushauri mzuri, hata mimi ningempa mtu. Niliondoka nao nikaupenda. Kilichoharibu ni kwamba studio ya chuo ilikuwa imekufa miaka mingi, ndani wanaweka viti vilivyovunjika, kwa hiyo mtihani wa vitendo ulifanyiwa redioni kwetu. Hewani. Na mwanafunzi anapewa kipindi cha siku hiyo, karatasi za kweli, wasikilizaji wa kweli. Mimi nilipangiwa saa saba mchana, hata kura hawakupiga.

Siku hiyo karatasi zilikuwa tatu. Kwa kuwa ni mtihani niliziandika upya mwenyewe, kipiramidi, safi kabisa, hata Piramidi alipochungulia juu ya bega langu alitikisa kichwa kukubali. Nikaingia. Yeye akakaa upande wa pili wa kioo, hedifoni masikioni, fomu ya alama mbele yake, kalamu mkononi. Meneja amesimama nyuma yake, amekunja mikono. Binti yangu yuko mlangoni. Taa nyekundu ikawaka.

Karatasi ya juu ilisema amefariki mama mmoja wa miaka sabini na mbili. Chini, kwenye ncha, walikuwepo wanawe watatu: mmoja mchimba visima, mmoja nesi, mmoja haijulikani yuko wapi. Sentensi ya kwanza nilikuwa nayo mdomoni. Nikajiambia soma, mwanamke, cheti kiko pale kwenye kioo. Halafu nikamfikiria huyo wa tatu, asiyejulikana yuko wapi, ana nini mkononi saa hizi. Yuko juu ya ngazi? Ameshika panga? Miaka kumi na tisa sijawahi kukaa pale bila kujua nitaanzaje, na siku hiyo sikujua mpaka nilipojisikia mwenyewe.

"Habari ziwafikie," nikasema.

Kalamu upande wa pili ikashuka kwenye fomu. Nilisoma karatasi zote tatu kutoka ncha kwenda juu, na pumzi nikaiweka mahali pake. Nilipotoka Piramidi alikuwa anakunja waya wa hedifoni taratibu sana. "Mama," alisema, "nilikuambia." Hakuwa na hasira. Naona naye alikuwa amechanganyikiwa, ila yeye analipwa asionekane.

Nilipata arobaini na saba. Alama ya kufaulu ni hamsini. Kurudia ni mwaka mmoja, na meneja hakuwa na mwaka mmoja. Alinipa mkono, akanipa bahasha, akanipa na kalenda ya redio.

Binti yangu alikuwa wa kwanza darasani. Wiki iliyofuata alirudi nyumbani akasimama mlangoni bila kuvua viatu, nikajua kuna neno.

"Meneja anataka nikae saa saba."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

"Nikatae, mama?"

Sasa hapo, kama kuna mtu anaweza kuniambia nilichotaka, aniambie. Nilitaka akatae ili nimwone ananipenda. Nilitaka akubali kwa sababu ada yake nimelipa kwa jasho langu, nani asomeshe mtoto ili akatae kazi. Nilitaka kiti changu. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia. Nikasema, "Ukikataa wataleta mtu asiyemjua mtu."

"Nitasoma vipi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi si nimefeli."

Lilikuwa neno la kumchoma, na likamchoma. Akavua viatu, akapita.

Siku za kwanza sikuwasha redio. Saa saba ikifika natoka, nakwenda popote. Wiki ya pili nikajikuta kwa fundi, napeleka sketi ipunguzwe kiuno, maana nilikuwa nimekonda kwa mawazo. Kidole chake kilikuwa kimepona, kimebaki kijikovu. Alikuwa anashona pazia, mimi nimesimama kando ya meza, na saa ya ukutani ikafika saa saba kabla sijapata kisingizio cha kuondoka.

Fundi akatoa mguu kwenye pedeli.

Nikamwangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya kitambaa, anangoja. Na mimi nikangoja. Sikujua mtoto wangu ataanzia wapi. Tumekaa nyumba moja wiki mbili, tunakula sahani mbili meza moja, na sikuwa nimemwuliza.

"Habari ziwafikie," binti yangu akasema.

Sauti yake ni nyembamba kuliko yangu. Akataja watu wa mbali, mjomba, wifi, mashemeji wawili. Fundi akasikiliza mpaka mwisho wa majina. "Si mimi," akasema, akarudisha mguu, cherehani ikaanza. Nami nikashusha pumzi, nikacheka peke yangu, nikasema moyoni kumbe yule msichana alikuwa anasikia. Nikawaza leo nitamwambia. Nitamwambia kwamba ile pumzi anaivuta mapema mno.

Akaanza tangazo la pili. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote, kutoka kwa binti wa marehemu, huko mabondeni. Habari ziwafikie wafanyakazi wa zamani wa redio hii.

Fundi alitoa mguu tena. Safari hii alikuwa ananitazama mimi.

"Habari zimfikie pia," binti yangu akasema, na sauti ikagota. Nikajua hakuwa ameisoma ile karatasi kabla. Hilo nalo alilichukua kwangu, na mimi sikumfundisha, aliniona tu. "Habari zimfikie mwanafunzi wake, Mama Habari Ziwafikie." "Mama yangu," akasema. Hilo halikuwemo kwenye karatasi.

Miaka kumi na tisa nimeita watu, na sikuwahi kujua kuitwa kukoje. Fundi akanisogezea kigoda chake kwa mguu. Nikaweka sketi mezani, nikakaa.

Binti yangu akavuta pumzi. Hakuivuta mapema. Alinisubiri mpaka nikakaa vizuri, ndipo akataja jina.